Kuimba Wimbo wa Mwenzio

 Jioni ya leo nimeazimia kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mpenda muziki hulitolea hukumu moyoni mwake pasipo kuitangaza hukumu hiyo kwa mtu, nalo ni hili la mwimbaji kuuchukua wimbo ulioimbwa kwanza na mwenziwe, akausimamisha tena mbele ya watu kwa sauti yake na kwa ala zake, hata pengine wasikilizaji wakamsahau yule wa awali na kudhani kuwa wimbo umezaliwa leo. Wako wasemao kuwa kitendo hicho ni wizi, na wako wasemao kuwa ni heshima kubwa ambayo msanii aweza kumfanyia msanii. Nami, kwa kadiri nilivyosikiliza santuri na kanda na hadhara za muziki tangu utotoni, naona kuwa kila upande una haki yake, na kwamba kinachopambanua baina ya mwizi na mrithi ni lile deni: je, mwimbaji wa pili analidhihirisha deni lake, au analificha?

Tuchukue kwanza wimbo ambao sidhani kuna mmoja wenu asiyeujua kwa moyo, nao ni Malaika. Fadhili William, mtu wa Taita, aliurekodi Nairobi miaka ile ya 1960 ilipokuwa inaanza, kwa gitaa jepesi lisilo haraka, na maudhui yake ni machache na ya kila siku: kijana amependa, mahari hana, na umasikini wake ndio unaomzuia asioe. Kisha wimbo ukasafiri. Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini akauimba kwa namna iliyowafikia watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili, na mwaka 1965 ukawemo katika albamu aliyoitoa pamoja na Harry Belafonte, albamu iliyopata tuzo ya Grammy huko Marekani. Mwaka 1981 wakauchukua Boney M., wale wa Ujerumani. Na mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin akautia katika albamu yake ya Logozo.

Katika hao wote, wa Makeba ndio unaostahili kukaa karibu na wa kwanza. Maneno yalikuwa ya kijana mwanamume anayelalamikia mfuko mtupu, na yeye mwanamke, tena mkimbizi aliyefungiwa mlango wa nchi yake, aliyaimba pasipo kuyageuza yawe yake kwa nguvu. Aliyaacha yalivyo, akayapa sauti pana, na ile dhiki ya kijana mmoja ikawa dhiki ya kila aliyetengwa na akipendacho. Wa Kidjo naupenda pia, kwa vile alivyoupa nafasi ya kupumua. Lakini wa Boney M., pamoja na uzuri wa sauti za waimbaji wake, siwezi kuusikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ile ngoma ya dansi iliyotiwa chini yake imeufuta umasikini wote uliokuwamo, na umasikini huo ukishaondoka, hakuna sababu iliyobaki ya kijana yule kulalama. Mtu aweza kuubadili mwendo wa wimbo, na kuuhamisha kutoka gitaa kwenda fidla au kinanda, wala asiwe amekosa. Ila asiing'oe ile sababu iliyoufanya wimbo utungwe.

Na hapo hapo lipo jambo la kusikitisha. Katika santuri, mtunzi aliyeandikwa ni Fadhili William. Lakini wapo watu wengi, hasa wa upande wa Tanzania, wanaomtaja Adam Salim kuwa ndiye mtunzi wa asili, na wapo wengine waliodai hivyo hivyo, na Fadhili alifariki mwaka 2001 hali ugomvi huo haujamalizika. Wimbo umeizunguka dunia, umewapatia watu fedha katika nchi ambazo mtunzi wake hakupata kuziona, na sisi wenyewe wenye lugha yake hatujaafikiana ni nani tumpe shukrani.

Basi tuuache huo, maana ni maarufu na unajisemea wenyewe, tuende Unguja, ambako jambo hili la kurithi wimbo lina historia ndefu na, kwa fikira zangu, lilifikia ukamilifu wake.

Wengi katika sisi tunajivunia taarabu kuwa ni yetu, na kweli ni yetu. Lakini yafaa tukumbuke kuwa ilianza kwa kuimba nyimbo za wengine. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, ndiye anayesimuliwa kuwa alipendezwa na muziki wa Misri, akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni, naye aliporudi akawafundisha wenziwe wa kasri. Na mwaka 1905 vijana wa mjini wakaanzisha jumuiya ya Ikhwani Safaa, ambayo ingali hai mpaka leo, wakiimba kwa Kiarabu kwa kufuata walivyoimba Wamisri. Kwa muda wa miaka mingi, basi, muziki wa taarabu ulikuwa ni muziki wa kuazima, unaoimbwa kwa lugha ambayo wengi waliosimama nje ya dirisha hawakuielewa, ingawa uliwaburudisha.

Aliyelifungua dirisha hilo ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, katika ukoo wa watu wa kazi ya mikono, akawa mfinyanzi na mwuza vyungu, na mwaka 1911 akahamia mjini, upande wa Ng'ambo, ambako alijifunza uimbaji na akaungana na wapigaji wanaume waliomtambua kuwa Mungu amemjaalia sauti isiyokuwa na mfano. Mwaka 1928 walisafiri yeye na wenzake kwa meli mpaka Bombay, wakarekodi santuri za HMV, zile zenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni, na santuri hizo zikauzwa kwa maelfu katika pwani yote, na kwa mara ya kwanza mtu wa Lamu au wa Bagamoyo akaweza kukaa barazani kwake akamsikia mwanamke wa Unguja akiimba kwa Kiswahili mambo ya Waswahili. Marehemu Shaaban Robert alimwendea katika siku zake za mwisho, akaandika wasifu wake, na kitabu hicho nakihesabu kuwa miongoni mwa vitabu vilivyoandikwa kwa adabu kubwa kabisa katika lugha yetu. Siti mwenyewe alifariki mwaka 1950.

Ukibahatika kuipata moja katika santuri zile, au nakala yake, isikilize kwa subira. Upande mmoja wa sahani huchukua dakika tatu au zaidi kidogo, kwa hiyo wimbo ambao katika baraza ungeweza kwenda nusu saa, ukirudiwa beti na kuongezwa mapambo kwa kadiri ya furaha ya waliohudhuria, umebanwa humo kwa nguvu, na mara nyingine umekatwa katikati ili uendelee upande wa pili. Sindano ikishashuka husikika kwanza mkwaruzo, kisha fidla, kisha udi chini yake, halafu ile sauti inaingia, kali, ya juu, inayotokea puani kidogo, isiyotikisika, ikilitamka kila neno kwa ufasaha kiasi ambacho, baada ya miaka karibu mia na pamoja na vumbi lote la sahani, bado waweza kuyaandika maneno. Hilo la matamko ndilo ninalolistaajabia kuliko mengine yote. Alikuwa mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika, na hakuna herufi hata moja aliyoidondosha.

Katika nyimbo zake, ule uitwao Kijiti ndio ulionishika zaidi. Kisa chake ni cha kweli: mwanamke mgeni, mja mzito, alikuja Unguja kutoka Dar es Salaam kutembea, mtu aitwaye Kijiti akamtoa kwa hila akenda naye ngomani, akamfanyia uovu, akamwua, naye akavuka bahari akakimbilia Mrima, asikamatwe, na mahakama, badala ya kumtia mkononi mwuaji, ikawaadhibu wanawake waliofuatana na marehemu usiku ule na ambao walikuja kutoa ushahidi. Siti aliyatia mambo hayo katika wimbo, kwa majina yao, katika zama ambazo mtu mnyonge hakuwa na mahali pengine pa kuikatia rufaa hukumu ya namna ile. Watu wa Ng'ambo waliusikia wakajua kuwa kuna aliyewaona.

Sasa tazameni urithi. Palikuwa na mtoto wa kike wa Unguja, jina lake Fatuma binti Baraka, aliyekuwa akimfuata Siti na kundi lake akiwasikiliza, akazishika nyimbo zile kwa masikio, akakua, akawa mwimbaji, mpiga ngoma na somo wa unyago, na dunia ikamjua kwa jina la Bi Kidude. Aliimba Kijiti, na Muhogo wa Jang'ombe, na nyinginezo za Siti, kwa muda mrefu kuliko aliouimba Siti mwenyewe. Akazifikisha Ulaya na Japani. Mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX. Na alipofariki, mwezi wa Aprili 2013, alikuwa ameishi umri ambao hakuna aliyeweza kuuhesabu kwa yakini.

Nilijaaliwa kumwona akiimba Ngome Kongwe, katika tamasha la Sauti za Busara, ambalo lilianza mwaka 2004, na hufanyika wakati wa mwezi wa Februari. Umati ulikuwa mkubwa, vijana kwa wageni, na wengi wao walikuwa wamekuja kwa ajili ya bendi za baadaye usiku ule. Akapanda jukwaani peku, amejifunga kanga, mwembamba, ameshikwa mkono kwa kusaidiwa. Na alipofika mbele ya kipaza sauti akauachia mkono uliomshika. Sauti yake haikuwa sauti ya Siti hata kidogo. Siti aliimba juu, naye aliimba chini. Siti sauti yake ilikuwa laini na kali, na yake ilikuwa na makwaruzo, kama ubao wa jahazi uliokula chumvi. Wala hakujaribu kamwe kumwiga bibi yule kwa kupanda mahali ambapo koo lake halikumruhusu kupanda. Aliushusha wimbo ukamfikia alipo. Lakini yale maneno! Alipofika mwisho wa mshororo, fidla zikiwa zimeshatulia zikimngojea, aliishika silabi ya mwisho akaikokota, akaikokota, mpaka mpiga dumbak akamtazama mpiga kanuni kwa wasiwasi asijue aingie au asubiri, kisha akaiachia ghafla, na ala zote zikaingia kwa pamoja, na mwanamke mtu mzima aliyekuwa karibu nami akapiga kigelegele akenda mbele, noti mkononi, akicheza kwa kiuno taratibu, akamtunza.

Hapo ndipo nilipoufahamu upungufu wa santuri. Sahani ile ya Bombay imehifadhi sauti, na tuishukuru. Lakini haikuhifadhi yule anayetunza. Na katika taarabu, mabibi na mabwana, yule anayeinuka kwenda kutunza ni sehemu ya utungo, maana kwa kuuchagua ubeti fulani wa kuinukia, na kwa kumpitia mtu fulani njiani, huupa ubeti ule maana mpya ambayo mtunzi hakuwa nayo akilini. Wimbo wa Muhogo wa Jang'ombe, kwa mfano, jioni moja ukawa nasaha kwa mwana na jioni ya pili ukawa kijembe kwa mke mwenza aliyekaa safu ya tatu. Kwa hiyo hata Siti mwenyewe, alipouimba wimbo wake kwa mara ya kumi, alikuwa akiimba wimbo ambao wasikilizaji walikwisha kuubadili.

Na Bi Kidude alilidhihirisha deni lake, kwani hakuacha kumtaja Siti katika maisha yake yote, akaeleza wazi kuwa kwake ndiko alikojifunza, hata leo mtu hawezi kuisimulia habari ya mmoja asiingie katika habari ya mwingine. Hiyo ndiyo heshima niliyoikusudia nilipoanza.

Suala ni gumu zaidi tukivuka kwenda Mombasa. Huko, katika miaka ya 1960 na 1970, waimbaji wakubwa walikuwa wengi, nami nitawataja wawili tu. Zein l'Abdin, aliyetoka Lamu, alikuwa bingwa wa udi, akashikamana na mapigo ya Kiarabu na ya ngoma za pwani. Mohamed Khamis Juma Bhalo naye alishika njia nyingine: alichukua lahani za filamu za Kihindi, zile ambazo watu walizisikia senema, akatia ndani yake mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa yametungwa na ndugu yake Ahmad Nassir, malenga wa Mvita, na akayaimba kwa kinanda cha mvukuto, tabla, dumbak na tashkota. Wapo wataalamu waliomlaumu kwa hilo, wakasema kuwa mtu mwenye sauti ya namna ile na mwenye malenga wa namna ile hakuwa na haja ya kuazima lahani kwa mtu.

Mimi lawama hiyo siikubali. Fikirini kazi yenyewe ilivyo. Shairi letu lina mizani kumi na sita katika mshororo, nane na nane, na lina kina katikati na kina mwishoni. Lahani ya filamu ilitungwa kwa ajili ya maneno ya Kihindi ambayo urefu wa silabi zake ni mwingine kabisa. Kuzipatanisha mbili hizo, ili kina cha kati kiangukie pale pale ambapo lahani inapumzika, na ili neno zito lisije likakanyagwa na noti fupi, ni ufundi unaohitaji sikio la kwanza. Na Bhalo alipolifanya hilo, mshairi hakupoteza hata mizani moja wala lahani haikupinda. Bwana mmoja mtu mzima wa Mji wa Kale, ambaye katika ujana wake hakukosa filamu wala harusi, alinambia kuwa alikuwa hawezi tena kuusikia wimbo ule wa Kihindi asiyasikie maneno ya Ahmad Nassir ndani yake.

Ila deni la Bhalo lilikuwa na tabia yake. Wakati ule hapakuwa na haja ya kulitangaza, kwa kuwa kila aliyekuwako harusini alikuwa ameiona filamu, akaijua lahani inakotoka, na nusu ya ladha ilikuwa ni hiyo ya kuijua. Wale walioiona filamu wamepungua. Kijana wa leo anaisikia lahani ile katika simu yake, hajui kuwa ina asili Bombay, wala hajui kuwa maneno ni ya Ahmad Nassir. Na hivyo deni ambalo halikufichwa na mtu limejificha lenyewe kwa kupita miaka. Ndiyo sababu nawaomba wenzangu watangazaji, tena nawaomba kwa dhati, kwamba tunapoupiga wimbo wa zamani tusiridhike na jina la mwimbaji peke yake: tumtaje mtunga maneno, tumtaje mwenye lahani tukimjua, na tumtaje aliyeuimba kwanza. Haituchukui hata robo ya dakika.

Mtaniuliza, katika santuri na albamu zote hizo, ni ipi niipendayo. Zipo zilizokusanywa kwa uangalifu mkubwa. Mfululizo ule uitwao Zanzibara, uliotolewa Ufaransa, umezihuisha nyimbo za Mombasa za miaka ile na za Ikhwani Safaa na za Bi Kidude, na kila mpenzi wa fani hii anapaswa kuwa nao. Lakini mwenyewe ninachokipenda zaidi ni kanda ya harusi. Mombasa walikuwako, na duka la Mbwana Radio Service lilijulikana mno kwa hilo, watu waliorekodi taarabu papo hapo harusini na kuzinakili kanda hizo kwa kila aliyetaka, na kanda hizo zikenda Tanga, Unguja, hata Maskati. Mimi ninayo moja ya Juma Bhalo, karatasi yake imeshafifia. Ndani yake mwimbaji anaanza ubeti, mtu anakuja kumtunza, anaurudia, anakuja mwingine, anaurudia tena, na mara ya tatu anaubadili mwisho wake kidogo, na kina mama wanaangua vigelegele kwa jambo walilolielewa wao, mtoto analia, kiti kinaburutwa, kinanda kinaendelea bila kusita. Kisha, mshororo wa mwisho wa ubeti ukiwa katikati, katika mizani ya nane barabara, upande wa kwanza wa kanda unakwisha. Aliyerekodi alipoigeuza, ubeti ulikuwa umekwisha kupita, na upande wa pili unaanza na mwingine. Kila niisikilizapo pamoja na watu wanaolijua shairi lile, hakuna anayengojea kanda igeuzwe: mizani nane zilizobaki tunaziimba sisi, kila mtu kwa sauti aliyonayo.